Ng'ombe Hafunguliwi Mteremkoni

"Hivi Mama Limi, gari lisilolia litamwambiaje ng'ombe apishe?"

Swali hilo aliliuliza jirani yao, Mama Athanas. Ilikuwa asubuhi, naye alikuwa amekuja kuomba moto kama kawaida yake. Alisimama kwenye mwanya wa ua wa minyaa, kigae cha makaa mkononi. Njiani ilikuwa imetoka kupita pikapu nyeupe. Haikunguruma wala haikutoa moshi. Kuku wake walikuwa wakidonoa katikati ya njia, wakashtukia tairi limeshafika. Ilibidi dereva asimame, asubiri kuku wamalize fujo zao.

Bernadina, ambaye ndiye Mama Limi, alicheka. Alisema hata yeye hajui. Akaelekeza kidevu chake zizini, akamwambia jirani yake kwamba atakayejua ni yule binti aliyechuchumaa pale akikamua.

Limi aliwasikia. Aliendelea kukamua. Alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, na kesho yake alikuwa anaanza kujifunza kuendesha gari hilo hilo. Swali la Mama Athanas likamkaa kichwani kama mwiba mdogo.

Habari ya pikapu ilianza hivi. Kina mama wa kijiji hicho, nje kidogo ya Mhunze wilayani Kishapu, wana kikundi cha kuuza maziwa. Kila asubuhi maziwa hukusanywa, vijana wa baiskeli hufunga madumu nyuma, wakaelekea kwa wateja Maganzo. Njia ni ndefu, na jua la Kishapu halina huruma. Mara nyingi maziwa yalifika yamekwisha kuchachuka. Mteja akionja, anatema. Dumu linarudi nyumbani lilivyokwenda.

Bernadina alikuwa mjane. Ng'ombe wake wawili wa maziwa ndio waliokuwa shamba lake na duka lake. Dumu likirudi, hakulalamika. Alikaa mlangoni, akashika rozari yake, na siku hiyo watu wote nyumbani walizungumza kwa sauti ya chini.

Kisha ukaja mradi mmoja. Ukawajengea kina mama chumba cha kupozea maziwa, kinachotumia umeme wa jua. Umeme uleule ungechaji pikapu ya kubebea maziwa. Lakini mradi uliweka sharti. Siku ya kukabidhi pikapu, kikundi kiwe na madereva wawili wenye leseni, watoto wa wanachama wenyewe. Wasipokuwepo wawili, pikapu itakwenda kwa kikundi kingine kilichokuwa kinasubiri.

Kikundi kikachagua Limi na Edson. Edson alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa mwenyekiti, kijana wa maneno mengi na vicheko. Wote wawili walikata leseni ya kujifunzia. Kina mama waliwaombea kanisani. Baada ya hapo, kila mtu aliyepita kwa akina Limi aliuliza habari ya gari kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani.

Mwalimu wao, aliyeletwa na mradi pamoja na pikapu ya kujifunzia, aliitwa Violeth. Alitoka Shinyanga mjini. Zamani aliwahi kuendesha malori makubwa ya mgodini huko Geita, yale ambayo tairi lake linampita mtu kwa urefu. Alikuwa mama mfupi, mpole, anayeongea taratibu. Siku ya kwanza hakuwaruhusu kugusa usukani. Alifungua mbele ya gari akawaonyesha. Hakuna injini ya mafuta pale. Kuna mota, na chini ya sakafu kuna betri kubwa. Kuna nyaya nene za rangi ya machungwa.

"Hizi za rangi ya machungwa hazishikwi," alisema. "Hata gari likizimwa, hazishikwi. Fundi wake ana mafunzo yake."

Edson aliuliza kuhusu mvua. Kijijini watu walikuwa wanasema gari hilo likinyeshewa litampiga dereva shoti. Violeth alimjibu kwamba betri na nyaya zimefungwa vizuri, maji ya mvua hayaingii. Unaweza kuendesha mvua ikinyesha, na unaweza kuliosha. Lakini mto ukifurika usiuvuke, kama ambavyo hupaswi kuuvuka na gari lolote.

Ndipo Limi akatoa mwiba wake. Aliuliza swali la Mama Athanas, vilevile lilivyoulizwa.

Violeth hakucheka.

"Ng'ombe hatalisikia," alisema. "Mzee mwenye baiskeli hatalisikia. Mtoto anayecheza hatalisikia. Kwa hiyo wewe ndiye utakayewaona wao. Gari lenye kelele, watu ndio wanaopisha. Gari hili, dereva ndiye anayepisha kwanza."

Aliwafundisha kupunguza mwendo mapema wakiona mtu au mnyama. Aliwafundisha kupiga honi fupi wakiwa bado mbali, si kumpigia mtu mgongoni. Limi alielewa haraka. Alikuwa amechunga ng'ombe tangu utotoni. Alijua kwamba ng'ombe akishtuliwa kwa nyuma hukimbilia mbele, na huko mbele ndiko unakotaka kupita wewe.

Walifanya mazoezi kwenye uwanja wa mnada, siku ambazo hakuna mnada. Uwanja ule ni tambarare kama sinia. Walijifunza kwenda, kusimama, kurudi nyuma, kuegesha. Violeth akisahau husema, "Kanyaga mafuta." Edson humjibu, "Yapi, mwalimu?" Wote watatu hucheka, na siku inayofuata kichekesho kinarudiwa kana kwamba ni kipya.

Kuna jambo moja Violeth aliwaambia pale uwanjani. Aliwaambia kwamba ukiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, gari hili hujizuia lenyewe, na wakati linajizuia, mota hurudisha umeme kwenye betri. Limi alisikia. Lakini uwanja ni tambarare, na gari lilikuwa linakwenda polepole. Alilisikia jambo hilo kwa masikio tu, mguu wake haukulisikia.

Jumapili moja akaja mjomba Mwigulu.

Mjomba huyu ni kaka yake Bernadina. Ni dereva wa lori, anasomba mawe ya dhahabu huko Geita, kutoka mashimoni kwenda kwenye mialo ya kusagia na kuoshea. Tangu baba yake Limi afariki, yeye ndiye aliyesimama na familia hii. Paa likivuja, anaitwa yeye. Ng'ombe akiugua, anaitwa yeye. Alipofika, Limi alipiga magoti akamwamkia, naye akaitikia marahaba, akauliza hilo gari la redio liko wapi.

"Mjomba, ni gari la umeme," Limi alisema.

"Redio nayo ina betri. Ikiisha, unaianika juani kwenye bati. Na ninyi mtalianika wapi hilo?"

Watu walicheka. Mjomba alikuwa mtu wa kuchekesha, na alikuwa anapendwa. Baada ya kula alimchukua Limi pembeni, akamketisha kwenye lori lake. Alitaka kumpa siri za udereva, kama mzazi anavyompa mtoto. Siri ya kwanza ilikuwa ya mteremko.

"Dereva hujulikana mteremkoni," alisema. "Ukifika mteremko, toa gia. Weka fri. Liache gari lijiendee lenyewe kama maji. Hapo halimezi mafuta hata tone. Madereva wote wa Geita tunafanya hivyo. Na hilo lenu ndiyo kabisa. Chaji ikikuishia porini utamwomba nani, ng'ombe?"

Limi aliona maneno yale yana akili. Chaji ni kama mafuta, alijiambia. Mwenye kuokoa ndiye dereva mzuri. Tena aliyesema ni mjomba, mtu aliyeshika usukani tangu Limi hajazaliwa. Hakumwambia Violeth. Aliona si vizuri kumpeleka mjomba wake kwa mwalimu akapimwe.

Siku ya mtihani ilifika. Askari wa usalama barabarani aliyewapima aliitwa Afande Donatus. Alikuwa mrefu, mkimya, kofia yake nyeupe imenyooka kama imepigwa pasi ikiwa kichwani. Kwanza aliwauliza alama za barabarani. Wote wawili walijibu vizuri. Kisha akaingia na Edson garini, wakaondoka. Walirudi baada ya muda. Edson alitoka nje akiwa amebana midomo ili asicheke mbele ya askari. Limi akajua amefaulu.

Zamu yake ikafika. Alifunga mkanda, akaangalia vioo, akawasha indiketa, akaingia barabarani. Gari lilitii. Alipita sokoni taratibu. Alimpisha mama mwenye beseni. Limi akaanza kupata raha moyoni.

Nje ya Mhunze barabara inashuka kwenda mtoni. Mteremko ule si mkali, lakini ni mrefu, na mwisho wake kuna daraja jembamba. Limi alipoufikia alikumbuka siri ya mjomba. Alitaka afande aone kwamba huyu si mwanafunzi tu, huyu ni dereva. Akasogeza kitasa, akaweka fri.

Mwanzoni ilikuwa tamu. Gari lilitiririka bila sauti. Kisha likaongeza mwendo. Hakukuwa na ngurumo ya injini ya kumwambia kwamba mwendo umezidi. Alipotazama mbele, aliona mtu mwenye baiskeli karibu na daraja, amefunga magunia mawili ya mkaa. Mtu yule alikuwa anayumba katikati ya njia, hana habari.

Limi alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Kofia ya afande iliruka ikagonga kioo. Alipiga honi. Mwenye mkaa alishtuka, akaelekeza baiskeli mtaroni, akaanguka juu ya magunia yake. Pikapu ilisimama pembeni, ikiwa imepita mahali baiskeli ilipokuwa.

Mtu yule aliinuka. Hakuumia. Limi alishuka, akamwomba radhi, akamsaidia kuokota mkaa kipande kwa kipande. Mwenye mkaa alimtazama tu. Alisema, "Mwanangu, ungeniua kimyakimya." Maneno hayo yalimwingia Limi kuliko kama angetukanwa.

Afande Donatus aliokota kofia yake. Alimwambia kwamba leo amefeli, na sababu anaijua. Alimwambia pia kwamba Ijumaa inayofuata atapima tena. Jumamosi yake ndiyo siku ya kukabidhi pikapu.

Nyumbani hakuna aliyemlaumu, na hilo lilikuwa zito zaidi. Kina mama wa kikundi walipita mmoja mmoja wakasema pole. Edson alikuja, safari hii bila utani, akakaa naye zizini mpaka jua lilipozama. Kesho yake madumu mawili yalirudi kutoka Maganzo yameganda. Bernadina aliyapokea, akayatua, akashika rozari.

Mjomba Mwigulu alipopigiwa simu alisema tatizo ni gari. Gari la kweli lina uzito wake, lina breki zake. Hilo ni bovu, na aliyelileta ndiye wa kupimwa. Alisema atakuja siku ya Alhamisi amwelekeze mtoto vizuri.

Limi alikwenda kwa Violeth, akamweleza yote, mpaka siri ya mjomba. Alitegemea kugombezwa. Violeth alimwambia apande garini, yeye mwenyewe akaendesha mpaka juu ya ule mteremko, akasimama pembeni. Wakakaa. Limi hakujua wanasubiri nini.

Baada ya muda lilikuja tela la kukokotwa na maksai wawili, limejaa magunia ya mtama. Mwenye tela alitembea kando yao na fimbo yake. Walipofika kwenye mteremko, maksai walikaza miguu, wakaegemea nyuma, nira ikawapanda shingoni. Tela lilitaka kukimbia. Maksai walilikatalia. Lilishuka hatua kwa hatua mpaka darajani.

"Nani alikuwa analizuia tela?" Violeth aliuliza.

"Maksai."

"Mwenye tela angewafungua pale juu, ili wapumzike?"

Limi alianza kucheka, kisha kicheko kikakatika. Kijijini kwao mtu anayefungua ng'ombe mteremkoni angehesabiwa hana akili timamu. Hata mtoto anajua kwamba tela lisilo na ng'ombe mteremkoni halina bwana.

"Mimi niliwafungua," alisema polepole.

"Uliwafungua," Violeth alisema. "Ukiweka fri, mota imefunguliwa nira. Inabaki breki peke yake. Ukibaki kwenye gia ukaondoa mguu, mota inaegemea nyuma kama wale maksai. Na wakati inaegemea, inakurudishia chaji. Mjomba wako alifikiri anakuokolea. Kumbe fri ndiyo inayokunyima."

"Na lori lake la mafuta?"

"Lori pia. Injini ndiyo ng'ombe wake. Akiweka fri na mzigo wa mawe, breki zinapata moto. Zikichoka, hana kingine. Nilipokuwa Geita nimeyaona malori hayo bondeni. Tena si mara moja."

Wakabadilishana viti. Limi alishika usukani. Mbele yake kulikuwa na kioo kinachoonyesha chaji. Violeth alimwambia akiangalie kwa jicho la kuibia, jicho kubwa libaki barabarani. Limi akaondoa mguu mwanzoni mwa mteremko. Akahisi gari limeshikwa, kama mtu amelivuta mkia. Lilishuka kwa adabu. Kwenye kioo mshale ukageuka, umeme ukawa unarudi. Walipofika darajani breki aliigusa kidogo tu, ya kusimamia.

Walipanda, wakashuka tena. Walirudia mpaka mguu wake ukajua bila kuambiwa.

Alhamisi jioni mjomba alifika. Limi alijaribu kumweleza habari ya mota na nira. Mjomba alimsikiliza akitabasamu, kama mtu anayesikiliza hadithi ya sungura. Kisha akasema vitabu ni vitabu na barabara ni barabara. Alimwambia kesho aweke fri tena, ila asiweke juu kabisa, aweke chini chini, karibu na daraja. Hapo afande ataona ujuzi. Limi alimsogezea maji ya kunawa. Kumpinga mjomba mbele ya chakula ni jambo ambalo hakulelewa nalo.

Baadaye alimkuta mama yake jikoni akifunika moto. Alimwuliza afanye nini. Mjomba ndiye baba yake sasa. Akimkatalia, si atakuwa amemvunjia heshima?

Bernadina alimaliza kufunika moto, akafuta mikono.

"Mungu ametuamuru kuwaheshimu wazazi," alisema. "Nami nimekulea hivyo. Mjomba wako mpigie magoti, mpe maji ya kunawa, mpe kiti kizuri. Hiyo ndiyo heshima yake. Lakini Mungu hakukuambia umfuate mtoni. Yule mwenye mkaa naye ni mtu wa Mungu."

Kisha akamwambia akalale.

Ijumaa Afande Donatus alikuwa na kofia ileile, safari hii ameishikilia mapajani. Limi aliendesha. Sokoni kulikuwa na watu wengi kuliko siku ile. Mbuzi wawili walikatiza, akawasubiri. Mtoto alikuwa anasukuma tairi bovu kando ya njia. Limi alipunguza mwendo kabla ya kumfikia, akapiga honi fupi kutoka mbali, akapita mtoto akiwa ameshasogea kando. Afande alitazama nje ya dirisha kana kwamba hayupo.

Walifika juu ya mteremko. Daraja lilionekana kule chini. Ndipo afande akageuka.

"Hapa tunashuka," alisema. "Weka fri, tuokoe chaji."

Huyu hakuwa mjomba. Huyu alikuwa askari aliyevaa sare, na leseni ilikuwa mkononi mwake. Nyuma yake Limi aliwaona akilini kina mama wote na madumu yao. Neno moja, na pikapu inakwenda kwa wengine. Mkono wake ulisogea kidogo kuelekea kitasa, kwa mazoea ya mtoto anayeambiwa na mkubwa.

Kisha ukarudi kwenye usukani.

"Samahani, afande," alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Kwa heshima zote, hapo siwezi. Nikiweka fri nitakuwa nimefungua ng'ombe mteremkoni."

Aliondoa mguu kwenye pedali. Gari likaegemea nyuma. Likashuka taratibu, limeshikwa. Darajani kulikuwa na mzee anavuka kwa mkongojo, amewapa mgongo. Limi alisimama mbali naye, akasubiri. Hakupiga honi. Mzee alimaliza kuvuka, akageuka, akaona gari, akashangaa limefika saa ngapi. Alinyanyua mkongojo kuwasalimia.

Wakapita. Ng'ambo ya mto afande akamwambia aegeshe.

"Siku ile uliweka fri bila kuambiwa," alisema. "Leo nimekuambia, umenikatalia. Nilitaka kujua kama umejifunza, au umeogopa tu. Mtu aliyeogopa angenitii." Alivaa kofia yake. "Barabarani wakubwa watakuambia mengi, binti. Usukani unao wewe. Umefaulu."

Limi aliinamisha kichwa kwenye usukani. Hakulia, lakini alikaa hivyo kidogo. Afande alitazama tena nje ya dirisha, mpaka binti alipokuwa tayari.

Walipokaribia Mhunze, Edson alikuwa amesimama juu ya ukuta wa uwanja wa mnada ili aone mapema. Aliona jinsi gari linavyokuja, aliona uso wa Limi, akaruka chini. Kabla pikapu haijasimama, habari zilikuwa zimeshatangulia kijijini kwa simu. Kina mama walianza kupiga vigelegele kutoka kisimani, wengine wakawapokea kutoka mashambani. Mama Athanas alivuka ua wa minyaa bila kupitia kwenye mwanya wake, kanga ikachanika, hakujali. Bernadina alikuwa amesimama mlangoni. Limi alipiga magoti mbele yake. Mama yake alimwinua, akamshika uso kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, Mungu wangu."

Jumamosi pikapu ilikabidhiwa. Asubuhi ya kwanza ya kazi, Edson alikaa upande wa abiria na Limi akashika usukani. Madumu yalitoka kwenye chumba cha kupozea yakiwa ya baridi. Maganzo mteja wa kwanza alionja, akasubiri, akaonja tena. Aliuliza kama kesho wataleta zaidi. Hakuna dumu lililorudi na maziwa. Jioni hiyo Bernadina alishika rozari yake vilevile, lakini safari hii alikuwa anaimba.

Jumapili ya pili mjomba Mwigulu alikuja kutoka Geita. Alikuta nyumba imejaa. Kulikuwa na wali na nyama ya kuku, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa wazee wanaoipenda. Limi alimpigia magoti, akampa maji ya kunawa, akamletea kiti kizuri. Mjomba alimpongeza mbele ya watu wote. Kisha akauliza, kama mtani, ile siri yake ya mteremko ilimsaidiaje.

Limi hakutaka kumwaibisha. Lakini hakutaka kusema uongo pia.

"Mjomba, ile ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza," alisema kwa upole. Akaeleza habari ya tela, ya maksai, ya nira. Akaeleza habari ya mwenye mkaa. Akasema kwamba hata lori, injini ndiyo ng'ombe wake.

Mama Athanas alitaka kutia neno la mzaha. Bernadina alimgusa goti kumzuia.

Mjomba hakutabasamu tena. Aliangalia sahani yake.

"Mwaka jana tulimzika mwenzetu," alisema. "Lori lilimkimbia kwenye kilima cha mawe. Tulisema breki zimemsaliti. Ile fri nilimfundisha mimi."

Nje jua lilikuwa linapungua, na maziwa ya jioni yalikuwa tayari kupelekwa. Limi alisimama, akachukua ufunguo wa pikapu msumarini.

"Mjomba," alisema, "napeleka maziwa. Napitia mtoni. Twende, uone mteremkoni inavyoshika."

Mjomba alitazama ufunguo, kisha akamtazama mtoto wa dada yake. Aliweka kijiko chini. Aliinuka, akatikisa suruali yake, akatoka nje. Waliobaki ndani walimwona kupitia mlangoni akiifikia pikapu. Hakwenda upande wa usukani. Alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa kushoto, akakaa kumsubiri dereva.